Nafasi Tupu Si Hasara

Lipo kosa moja litendwalo na watu wengi washikao kamera, na kwa kuwa latendwa na wengi limeanza kuheshimiwa kama kanuni. Kosa hilo ni kudhani kwamba picha ni gunia, na kwamba mpiga picha hodari ni yule ajazaye gunia lake mpaka mdomoni. Nataka kulipinga kosa hilo, na shahidi wangu ni mti mmoja wa Embu.

Katika mashamba ya Meru na Embu hatuna baridi ya Ulaya, ambayo hupukutisha majani ya miti na kuifunika ardhi kwa theluji. Lakini tuna mwezi wa Julai. Ukungu hutanda kwenye miteremko ya Mlima Kenya, manyunyu hunyesha, na kijani cha chai na wekundu wa udongo hufifia vyote vikawa kijivu. Asubuhi kama hiyo picha ya rangi nyeusi na nyeupe haipotezi kitu. Hubaki umbo la mti na weupe uuzungukao.

Asubuhi moja ya namna hiyo nilipiga picha ya mugumo uliosimama peke yake juu ya kilima. Wazee wa Embu waliuheshimu mti huu, wakaomba Mungu na kutoa sadaka chini yake; kwa hiyo mara nyingi uliachwa wakati miti mingine ilipofyekwa. Niliuweka chini, katika pembe ya kushoto, nikaacha robo tatu ya picha iwe ukungu mtupu. Picha ilipotolewa katika jarida moja dogo, mhariri alikuwa ameukata ukungu wote. Mti ulijaa ukurasa kama ng'ombe aliyeingizwa katika banda la mbuzi. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba karatasi ni ghali, na kwamba pale hapakuwa na kitu.

Hapakuwa na kitu! Hilo ndilo nililotaka lionekane. Mti ule haukuwa na mwenzake, na upweke wake haukuwa katika matawi. Ulikuwa katika nafasi iliyouzunguka. Mhariri alipoikata nafasi hiyo hakupunguza picha, alibadili habari. Mti uliosalia aliufanya kuwa mti tu.

Najua asili ya kosa hili. Ardhi yetu ni haba. Kila kipande kina chai, kahawa au miraa, na jicho lililozoea shamba huona aibu mbele ya mahali patupu. Lakini ni mkulima gani wa kahawa asiyejua faida ya nafasi? Kwa miaka mingi mibuni ya Kenya imepandwa futi 9 kati ya mche na mche. Aisonganishaye ovyo huvuna matawi yanayogombania mwanga. Nafasi ile si mali ya magugu, ni mali ya mbuni. Michael Kenna, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1953, amepata sifa kwa picha nyeusi na nyeupe za miti katika theluji ya Hokkaido, Japani, ambamo mara nyingi mti ni mdogo na weupe ni mwingi. Sijui nani angethubutu kumwambia kwamba ameharibu karatasi.

Wapo na wengine, wa upande wa pili, wasemao kwamba kukata kingo za picha ni uongo. Hao nao siwafuati. Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa alijulikana kwa kuchukia ukataji. Hata hivyo picha yake mashuhuri ya mwaka 1932, ya mtu arukaye dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, ilikatwa, kwa sababu uzio ulikuwa umeziba sehemu ya lenzi. Mbuni usiopogolewa huzaa vibaya, na picha ni vivyo hivyo. Swali si kama umekata. Swali ni umekata nini. Ukiondoa waya wa umeme uliopenya pembeni, umeondoa kelele. Ukiondoa visiki vilivyo chini ya mti ili watu wadhani msitu u salama, umesema uongo bila kufungua kinywa.

Basi, mwanafunzi, nakupa mizani. Kata vipande viwili vya kadibodi kwa umbo la herufi L, uvilaze juu ya picha, uvisogeze polepole kuuelekea mti. Funika sehemu tupu, kisha uifunue. Picha ikiwa ile ile, sehemu hiyo ilikuwa uvivu, ikate. Picha ikipungukiwa na maana, sehemu hiyo ilikuwa inafanya kazi, iache. Utupu usio na kazi siutetei.

Picha yangu nzima ninayo bado. Kila niitazamapo, macho huanza kwenye mugumo, huzunguka katika weupe yakitafuta mti wa pili, yasiuone, yakarudi. Safari hiyo fupi ndiyo picha yenyewe. Aukataye ukungu huo hutuachia mti, na hutunyang'anya habari ya miti isiyokuwapo tena. Kabla hujakata, uliza kwanza ni nani anayekaa mahali pale unapopaita patupu.