Mlevi Aliyepona na Kazi Yake

Wako watu wasemao kwamba mlevi akiacha pombe yatosha anyamaze, asiwakumbushe jamaa zake aibu aliyowatia. Kauli hiyo husikika Haydom kama isikikavyo kwingine, nami naipinga, kwa kuwa ni ukatili uliovikwa vazi la busara.

Na tutazame mambo yalivyo. Haydom ina hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Mnywaji wa miaka mingi akiacha ghafula huweza kushikwa na tetemeko, degedege na kuweweseka katika siku za mwanzo, na wengine hufa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mganga, si ya mhubiri. Lakini mganga huitoa pombe mwilini. Hawezi kuitoa kijijini. Arudipo nyumbani, mgonjwa huikuta katika kazi ya ujima, harusini na katika mapatano ya wazee. Humkuta jirani mjane asomeshaye watoto kwa kuipika. Sheria peke yake haitamwokoa. Gongo ni haramu tangu zamani na ingali inapikwa. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na kiu haikwisha.

Basi nani atakayekaa naye jioni, saa ya kilabu? Akron, Marekani, mwaka 1935, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alishikwa na tamaa ya kunywa. Akamtafuta mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye, akapelekwa kwa daktari Bob Smith. Wilson hakwenda kutoa sadaka, alikwenda kujiokoa. Smith aliteleza mara moja, kisha wote wawili hawakunywa tena hadi kufa kwao. Hata Unguja, tangu mwaka 2009, nyumba za upataji nafuu zimeendeshwa na watu waliokuwa wenyewe watumwa wa dawa za kulevya.

Mpinzani atasema: Mtu huyu atateleza. Kweli, wengi huteleza. Lakini atelezaye peke yake hujificha hata akazama. Atelezaye mbele ya wenziwe huonekana mapema, akashikwa mkono. Mwingine atasema kwamba tunataka kumtumikisha bure. Hoja hii ina uzito, na jawabu lake ni kumfundisha, kumlipa, na kumweka chini ya uangalizi wa muuguzi.

Kumtibu mtu kisha kumrudisha mikono mitupu ni kumwambia kwamba maisha yake mapya ni kujinyima tu. Binadamu hadumu katika kujinyima kusiko na faida kwa mtu yeyote. Mpeni mgonjwa wa kumtembelea, na jioni yake itakuwa na kazi. Serikali za vijiji, makanisa na hospitali hazikosi watu wa kazi hii. Watu hao wapo, wanaonewa haya na jamaa zao wenyewe. Haya hiyo ndiyo iachwe kwanza.