Kulainisha sauti si kumharibia mtoto lugha

Wanaodai kwamba mtu mzima anayelainisha sauti mbele ya mtoto mchanga anamharibia lugha wangekitazama kwanza Kipolandi. Lugha hiyo hutenganisha sauti tatu zinazokaribiana: s ya kawaida, sz iliyo nzito, na ś inayotamkwa ulimi ukiinuliwa kuelekea kaakaa. Mzazi anapombembeleza mwanawe, huweza kuisogeza sz hadi kwenye ś, na szafa, yaani kabati, ikasikika kama siafa. Badiliko hilo lina mantiki yake. Sauti hiyohiyo laini ndiyo inayobeba mapenzi katika majina ya kudekeza: Jan huitwa Jaś, Stanisław huitwa Staś. Tena watoto wenyewe kwa kawaida huimudu ś kabla ya sz, kwa hiyo mzazi anamfuata mtoto pale alipofikia.

Pingamizi lina uzito: sz na ś hutofautisha maana, na kuzichanganya kunaweza kumtatiza anayejifunza. Lakini mtoto huyo huwasikia pia watu wazima wakizungumza wao kwa wao, hivyo hakosi matamshi kamili. Isitoshe, utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake wa mwaka 1997, uliohusu akina mama wa Marekani, Urusi na Uswidi, ulionyesha kwamba wanapoongea na watoto wachanga hutanua irabu zao, zikatofautiana waziwazi zaidi. Ushahidi huo si wa Kipolandi, ila unathibitisha kwamba usemi wa kubembeleza unaweza pia kukazia tofauti za sauti. Wazazi, bembelezeni watoto bila haya, na kadiri wanavyokua wapeni matamshi kamili.