Andikeni Kwamba ni ya Nguruwe

Wasomaji wangu, kabla hamjaniuliza: ndiyo, hii bado ni blogu ya teknolojia, na leo naandika kuhusu brashi ya kunyolea ndevu. Nivumilieni. Ni malalamiko yale yale ninayotoa kila mara kuhusu programu zinazotolewa bila maelezo, ila safari hii yana mpini wa mbao.

Mwaka jana nilinunua brashi mbili katika duka moja la Mombasa ambalo sitalitaja. Moja yangu, nyingine zawadi ya rafiki yangu hapa Voi, fundi wa simu ambaye shingo yake ina vipele vya ndevu kama yangu. Sisi wenye nywele za kujikunja tunaijua hiyo kazi. Unanyoa leo, keshokutwa unywele umejipinda na kurudi ndani ya ngozi. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mzungu anayetabasamu, na maneno ya kusema kwamba nywele za brashi ni za asili. Asili ya nini? Mbuzi? Farasi? Mkonge wa Mwatate? Hakuna zaidi.

Ni nywele za nguruwe. Niligundua mwezi mmoja baadaye, nilipokaa kuchunguza kwa nini yangu inanisumbua. Rafiki yangu ni Mwislamu, na kwa mwezi huo mzima alikuwa akijipaka nayo povu usoni kila alipotaka kunyoa, kisha anakwenda msikitini. Nilimwendea kibandani kwake nikamweleza. Akaweka chini simu aliyokuwa akiifungua, akaniangalia. "Ndugu yangu, mwezi mzima?" Hakusema neno jingine. Afadhali angenigombeza.

Mimi si Mwislamu wala si mwanachuoni, lakini huwezi kukulia huku usijue mambo haya. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii nguruwe ni najisi nzito, nywele zake zikiwamo. Kilichoguswa nayo kukiwa na unyevu huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Madhehebu mengine yana maoni tofauti: Hanafi waliwaruhusu washona viatu kutumia nywele hizo kushonea, na Maliki hawana ugumu nazo kiasi hicho. Kwa hiyo jambo hili lina wenyewe wa kuliamua, yaani muumini na sheikh wake. Lakini ataamuaje asichoambiwa? Aliyechapisha boksi lile alikwisha kumwamulia.

Sasa njoo upande wangu mimi, ambaye nguruwe hanisumbui hata kwenye sahani. Mimi pia nilikaribia kuitupa brashi ile, na kwa sababu hiyo hiyo ya kutoambiwa.

Wiki ya kwanza brashi ya nguruwe ni mbaya. Inanuka kama zizi lililonyeshewa. Inachoma. Inadondosha nywele usoni, inakunywa povu lote halafu haikurudishii kitu. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema nimeuziwa kitu kibovu. Na mamia ya watu, naamini, wamesema hivyo, wakaitupa, wakarudi kwenye povu la kopo na zile wembe za plastiki zenye makali matano ambazo kichwa chake hakiingii kwenye mpini wa kampuni nyingine. (Hiyo ya kufungiwa kwa kampuni moja nitaiandikia siku yake. Wembe wa kawaida wa makali mawili unaingia kwenye mashine yoyote ya aina yake. Huo ndio mfumo huria.)

Lakini ile brashi si mbovu. Haijakomaa. Unywele wa nguruwe ni mnene shinani na mwembamba nchani, na ncha yake hupasuka vipande viwili vitatu. Ikiwa mpya, mipasuko ni michache na migumu, ndiyo maana inakuchoma. Kila ukiilowesha, ukaizungusha kwenye sabuni na kuikausha, ncha zinazidi kupasuka na kulainika huku shina likibaki na nguvu yake. Ukishanyoa mara 15 au 20 una kifaa kingine kabisa mkononi: laini mbele, imara nyuma. Nitajieni kifaa kingine mlichonunua mwaka huu ambacho kinazidi kuwa kizuri kadiri mnavyokitumia. Simu yangu inazidi kuwa polepole kila inapopata toleo jipya.

Hivi ndivyo unavyoikomaza, na yote haya yangetosha kwenye karatasi ya ukubwa wa tiketi ya basi. Ioshe mara mbili kwa shampuu. Kisha izungushe kwenye sabuni mpaka ijae povu, iache na povu lake usiku kucha, asubuhi uisuuze. Fanya hivyo siku tatu nne mpaka harufu ipungue. Nywele chache zitang'oka siku za mwanzo, usitishike. Kila kabla ya kunyoa iloweke dakika 3 hadi 5 kwenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu unywele wa nguruwe hunywa maji, na ukiwa mkavu ni kama ufagio. Maji ya kuchemka usithubutu, gundi itaachia. Ikung'ute, ichukue sabuni, izungushe usoni bila kuikandamiza mpaka ikalala. Ukimaliza isuuze, ikung'ute tena, iache ikauke kabisa.

Kuhusu kukauka, hapa Voi jua letu linakufanyia kazi hiyo bure. Nilipokwenda nayo Wundanyi kwa nyanya yangu mwezi wa saba, kwenye ukungu ule, siku ya pili bado ilikuwa mbichi ndani na imeanza kutoa harufu. Huko unahitaji mbili za kupokezana. Nasi wa bondeni tuna shida yetu, maji ya kisima yenye chumvichumvi. Sabuni inagoma kutoa povu, inaacha utando mweupe. Dawa ni sabuni zaidi kuliko unavyodhani, au maji ya mvua kama unayo, na mara mojamoja kuiloweka kwenye maji yenye siki kidogo ili utando utoke.

Na nisije nikasingiziwa: brashi haiponyi vipele. Inachofanya ni kulowesha ndevu sawasawa na kuziinua, ili wembe upite mara moja, taratibu, kufuata upande nywele zinakoota. Shingo yangu imetulia. Sijui kama ni brashi au ni kule kulazimika kunyoa bila haraka.

Kuna hila nyingine inayonikera zaidi ya ukimya. Brashi za bei kali Ulaya hutengenezwa kwa nywele za mnyama wa jamii ya nyegere, ambazo zina mstari mweusi wa asili katikati. Basi brashi nyingi za nguruwe hupakwa rangi ili zipate mstari huohuo. Hapo si kunyamaza tena. Ukitaka kujichunguzia, choma unywele mmoja. Ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, ni plastiki. Ukinuka nywele zilizoungua na kusagika vidoleni, ni wa mnyama. Kisha angalia ncha kwenye mwanga: zilizopasuka ni za nguruwe. (Na mwacheni ngiri wa Tsavo apige magoti yake kwa amani, hahusiki. Nywele hizi ni za nguruwe wa kawaida, na nyingi hutoka China.)

Msiniambie ni brashi tu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mji huu ulijaa majeshi ya Uingereza. Reli ya kijeshi ilijengwa kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta, na Februari 1916 walipigwa na Wajerumani pale kilima cha Salaita. Wembe na brashi vilikuwa sehemu ya vifaa vya askari wa Kiingereza. Miaka hiyohiyo, huko Uingereza na Marekani, nywele nzuri zilipoadimika viwanda viligeukia nywele za farasi kutoka Asia, zisizosafishwa vya kutosha, na kuzitengeneza zionekane kama zile za bei. Wanaume wakapata kimeta usoni na shingoni, pale walipojikata. Wengine walikufa. Wafugaji wa huku hawahitaji kuelezwa kimeta ni nini. Siku hizi nywele husafishwa kabla ya kufungwa, lakini mnaona kwamba swali la "hizi ni nywele za nani?" si la watu wa dini peke yao.

Wala si swali jipya. Mpaka nailoni ilipoingia kwenye miswaki mwaka 1938, miswaki mingi ya viwandani ilikuwa ya nywele za nguruwe.

Hapa Kenya si suala la hisani pia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Kikamilifu! Brashi inayotupwa wiki ya kwanza imemfaidi nani?

Nimeshajibiwa kwamba kila kitu kiko kwenye intaneti, mtu atafute. Hoja hii naijua vizuri, ndiyo wanayoitumia wenzangu wanaotoa programu yenye faili la maelezo tupu. Rafiki yangu hakuwa na swali, sasa angetafuta nini? Hutafuti jibu la swali ambalo hukujua lipo.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye duka lile. Nilikuwa nimechapa karatasi ndogo: nywele za nguruwe, loweka kwanza, mpe wiki tatu, na kwa asiyetaka nguruwe achukue ile ya nyuzi za plastiki iliyo rafu ya chini. (Rafiki yangu sasa anatumia hiyo, ni laini tangu siku ya kwanza, na sina la kuipinga.) Mwenye duka aliisoma polepole, mara mbili. "Kijana, nikibandika hii, nusu ya wateja hawanunui."

Nikamwambia hiyo nusu ndiyo niliyokuja kwa ajili yake.

Hakuibandika. Hakuitupa pia. Aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akaendelea kumhudumia mama aliyekuwa nyuma yangu. Nitapita tena mwisho wa mwezi.