Mashauri ya Nyumbani: Mwana Achague Masomo Gani?



Baba mmoja katika bonde la Mbwemkuru alimwamuru binti yake aandike HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, kwa kuwa ndiyo masomo aliyoyasoma kaka yake. Binti akatii, akanyamaza. Matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka, alama zake njema zilikuwa za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Naye tangu utoto alitamani udaktari. Ndipo alipolia.

Jueni ya kuwa tahasusi, yaani masomo matatu ya Kidato cha Tano na cha Sita, ni njia panda. Atakaye udaktari hawezi kufika kwa njia ya Historia. Zamani tahasusi zilikuwa 16. Mwaka 2024 Serikali iliongeza 49, zikawa 65. Njia zikizidi, kupotea nako huzidi.

Lakini mlango ulikuwa haujafungwa. Matokeo yakiisha kutoka, TAMISEMI hutangaza siku za kubadili machaguo kwa njia ya mtandao. Baba akaenda na binti yake kwa mwalimu, wakaandika PCB.

Basi, enyi wazazi, ketini pamoja na mwana na mwalimu wake, mkizitazama alama. Mwulizeni kwanza atamani kazi gani, ndipo mseme ninyi. Na siku zikitangazwa, msingoje ile ya mwisho. Kumwongoza mwana ni wajibu wetu. Lakini atakayeketi darasani miaka miwili ni yeye, si sisi.