Leseni na Gari Lako Unapohamia Uingereza

Mpenzi msomaji, viza ikishatoka, watu wa nyumbani huwa na mengi ya kushughulikia. Kuna harambee ya nauli, kuna sanduku la kununua, na kuna shangazi anayetaka umbebee mwanawe kilo mbili za unga. Katika pilkapilka hizo, vitu viwili husahauliwa hadi siku ya mwisho. Cha kwanza ni leseni iliyo mfukoni, na cha pili ni gari lililoegeshwa uani. Tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini mkataba wa wahudumu wa afya mwaka wa 2021, wauguzi wetu wamekuwa wakielekea huko, sawa na wanafunzi wa vyuo vikuu. Ndiyo maana leo nataka tuyatazame mambo haya mawili kwa utulivu.

Tuanze na leseni. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Waingereza huendesha upande wa kushoto kama sisi, leseni ya Kenya hubadilishwa huko kama mtu anavyobadilisha shilingi kwa pauni. Sivyo. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo leseni zao hubadilishwa bila mtihani. Afrika Kusini imo na Zimbabwe imo, lakini Kenya haimo. Mkenya anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni yake ya nyumbani kwa miezi 12 tangu awe mkazi wa huko, mradi leseni hiyo haijaisha muda. Miezi hiyo ikimalizika, hata kama umeendesha matatu ya Githurai kwa miaka 20, sheria inakuhesabu kuwa mtu asiye na leseni.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Mwaka wa kwanza ugenini hupita haraka. Kuna kazi za usiku, kuna baridi, kuna pesa za kutuma nyumbani. Mwezi wa 13 ukifika, mtu bado anaendesha kama kawaida. Lakini bima ya gari hutegemea leseni halali. Polisi wakikusimamisha na bima isipokuhusu, wanaweza kulichukua gari papo hapo. Faini ya kawaida ya kukosa bima ni pauni 300 pamoja na alama 6 kwenye rekodi yako ya udereva. Na kwa yule anayewahudumia wazee nyumba hadi nyumba, kupoteza haki ya kuendesha ni sawa na kupoteza kazi, na kazi ndiyo iliyompa viza.

Basi ufanyeje? Kwanza, kabla hujasafiri, hakikisha leseni yako ya NTSA haitaisha katikati ya mwaka huo wa kwanza. Kuilipia ukiwa Nairobi ni rahisi kuliko kuhangaika ukiwa Birmingham.

Pili, ukishafika na kupata anwani, omba leseni ya muda ya mwanafunzi kutoka shirika la DVLA lililoko Swansea. Ada yake kwa njia ya intaneti imekuwa pauni 34, na sharti uwe na idhini ya kuishi huko kwa siku 185 au zaidi. Usiogope kwamba ukiichukua utalazimika kubandika ile herufi L nyekundu na kuketi na msimamizi. Ndani ya miezi 12 ya mwanzo bado unaendesha kwa haki ya leseni yako ya Kenya.

Tatu, jiandikishe kwa mtihani wa nadharia. Una maswali 50, na lazima upate 43. Kisha huonyeshwa filamu fupi za barabarani ubonyeze kila unapoona hatari ikijitokeza. Alama ni 75, na sharti upate 44. Ukifaulu, una miaka 2 ya kufanya mtihani wa barabarani, la sivyo unarudia nadharia upya.

Mtihani wa barabarani huchukua kama dakika 40. Makosa madogo yakizidi 15 umeanguka, na kosa kubwa moja tu linatosha kukuangusha. Dereva mzoefu wa kwetu haanguki kwa kutojua gia. Huanguka kwa sababu hatazami vioo mara kwa mara, au hushika usukani kwa mkono mmoja huku akifikiri yuko Thika Road. Tena mwendo huko huhesabiwa kwa maili. Mjini kikomo cha kawaida ni maili 30 kwa saa, yaani karibu kilomita 48, na huko Wales kimekuwa maili 20 katika barabara nyingi za mitaani tangu Septemba 2023. Jilipie masomo machache kwa mwalimu wa hapo hata kama unajua kuendesha. Na ukifanya mtihani kwa gari lisilo na gia za mkono, leseni utakayopewa itakuwa ya magari ya aina hiyo tu.

Usingoje mwezi wa 10 ndipo uanze. Foleni ya mtihani wa barabarani katika miji mingi imekuwa ya miezi kadhaa.

Sasa tuje kwa gari. Kulipakia melini Mombasa hadi Uingereza ni jambo linalowezekana, lakini fikiri kwanza. Bei ya gari hapa Kenya imebeba ushuru uliolipwa bandarini lilipoingia, na ushuru huo haurudishwi ukilitoa nchini. Ukiliuza hapa, mnunuzi anakulipa pamoja na sehemu ya ushuru huo. Ukilipeleka huko, unashindana na magari ya mitumba ambayo bei yake haina mzigo huo, na bado una nauli ya meli, ukaguzi na usajili. Kwa familia nyingi, busara ni kuliuza hapa na kununua jingine huko.

Lakini wengi hawauzi. Humwachia ndugu, wakisema, "Endesha tu, kaka, nitarudi." Mpenzi msomaji, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Trafiki ya Kenya humhesabu mtu ambaye jina lake limo katika usajili kuwa ndiye mwenye gari, hadi ithibitishwe vingine. Tuseme ndugu yako analiuza kimyakimya kwa mtu wa Nakuru, naye mtu huyo anamgonga mwenda kwa miguu. Karatasi za mahakama zitakutafuta wewe uliye Leeds. Sheria hiyo hiyo hairuhusu gari lililouzwa kutumiwa barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa.

Kwa hivyo, ukiuza, kamilisha uhamisho wa umiliki katika akaunti yako ya NTSA kabla ya siku ya ndege. Laini yako ya simu ya Kenya usiiache ife, kwani namba za siri za kuingilia akaunti hutumwa huko. Kama gari lina mkopo wa benki, jina la benki nalo limo katika usajili, na uhamisho hautafanyika kabla deni halijaisha. Na kama lazima umwachie ndugu, nendeni kwa wakili mwandikiane hati ya uwakilishi. Iarifu kampuni ya bima ni nani anayeendesha, kisha kubalianeni mapema nani atalipa bima na matengenezo. Maandishi hayo hayaonyeshi kwamba humwamini ndugu yako. Yanaulinda undugu wenu.

Mwisho, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mkazi anayerejea nyumbani kuishi anaweza kusamehewa ushuru wa gari moja. Sharti awe ameishi nje kwa miaka 2 au zaidi, awe amelimiliki na kulitumia gari hilo huko kwa angalau mwaka 1, na ziara zake za Kenya katika miaka hiyo 2 zisizidi siku 90 kwa jumla. Gari lenyewe liwe na usukani wa kulia, na lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo weka risiti, cheti cha usajili na pasipoti zako zote, hata zile zilizokwisha muda. Siku moja afisa wa KRA atataka kuziona.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema kwa wanaosafiri, na kwa wanaobaki, chungeni barabarani.