Tubakize nafasi kwenye diski ya seva

Kwa maoni yangu, anayegawa diski ya kuwashia seva ya Proxmox aanze na kidogo na kubakiza nafasi, kwa sababu kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Sehemu ya mfumo yenye ext4 hupanuliwa seva ikiendelea na kazi, lakini haipunguzwi ikiwa inatumika. Na hifadhi ya LVM-thin, zinakokaa diski za mashine pepe, haipunguziki. Kwa kawaida kisakinishi huacha GB 16 tu kwenye diski inayozidi GB 128. Naona ni kidogo mno. Thamani ya minfree, inayoweka kiasi hicho kwenye kisakinishi, ipandishwe.

Wapo watakaosema nafasi tupu ni hasara. Sivyo: ndiyo itakayouokoa mfumo ukijaa, maana tusipobadilisha mpangilio, faili za ISO na nakala rudufu huwekwa humo humo, na ukijaa hata mipangilio ya mashine pepe haihifadhiki. Wengine watauliza kwa nini basi mfumo usipewe GB 8. Hazitoshi, kwani kumbukumbu za matukio na kerneli za zamani hulimbikizana. GB 40 hivi zinafaa, mradi nakala rudufu zikae diski nyingine. Diski ya kuwashia ikifa, zisife nayo.