Kabla Hujagonga Meza, Mwalimu

Wenzangu wa Ualimu, karibuni tunasambaa tena mashuleni kwa TP, kwa hiyo naomba niseme hili mapema. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana nilipangiwa shule moja ya bonde la Ruvuma. Kidato cha Pili walikuwa wanapiga kelele, nikashika rula ya ubaoni nikaipiga mezani, paa! Kimya. Nikajiona mwalimu kweli. Kumbe binti mmoja yuko chini ya dawati, na kipindi kizima hakuandika hata tarehe. Nikamwita mkaidi. Mwalimu mmoja, mama mtu mzima, akanivuta pembeni: "Mwanangu, hawa wengine walikimbia ule usiku wa Kitaya."

Oktoba 2020 wavamizi kutoka ng'ambo ya mto, Cabo Delgado, waliingia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Watoto hawa walikuwa darasa la nne.

Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa amigdala. Hiyo haisubiri maelezo. Mlio ukipiga, moyo unakwenda mbio na damu inakimbilia misuli kabla akili haijauliza ni nini. Wazee walishaliona: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndiyo maana kumwambia mtoto "usiogope" ni kazi bure. Mfumo wa fahamu hausikilizi hotuba, unasikiliza sauti yako ikoje, uso wako ukoje, na mlango uko wapi.

Utaniambia, darasa la watu themanini utalituliza vipi bila kugonga? Sina jibu zuri. Mimi nilianza kusimama mlangoni na kuwasalimia, nikashusha sauti, nikafungua kila kipindi kwa namna ileile. Kelele hazikuisha, tusidanganyane. Binti aliomba kukaa karibu na mlango, nikamruhusu, na baada ya wiki mbili akaanza kuandika.

Kinachoniuma ni kwamba Maslow tulimkariri wote, usalama ngazi ya pili, tukafaulu mtihani, kisha tukaingia darasani na fimbo. Kanuni zinasema fimbo zisizidi nne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Jamani, nani kati yetu aliuliza idhini?

Serikali yetu ya wanafunzi iombe siku moja tu ya semina na maofisa ustawi wa jamii, kabla hatujapangiwa vituo.